Hiki, Hicho na Kile: Mihula Miwili ya Kijapani

Mwandishi wa insha hii hufundisha ushairi wa Kiswahili, na kazi hiyo haimlazimishi kujua Kijapani. Hata hivyo, kwa mihula miwili amekuwa akiketi katika darasa la jioni jijini Nairobi, mara mbili kwa wiki, tangu saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu, kati ya watu ambao wengi wao hawajapata kulisikia neno arudhi. Sababu ilikuwa ya kikazi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alileta pendekezo la tasnifu lililonuia kulinganisha tarbia ya Kiswahili na haiku ya Kijapani. Lilikuwa pendekezo la bidii. Nadharia ilikuwapo, maswali ya utafiti yalikuwapo, na jedwali la mizani lilikuwapo pia. Ila mizani ya Kijapani ilikuwa imehesabiwa katika tafsiri za Kiingereza. Katika kikao cha idara hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Tumezoea. Warusi, Wachina na Wajapani hutufikia wakiwa wamekwisha kuvikwa nguo za Kiingereza, nasi huwapima vimo pamoja na nguo hizo, kisha tukaiita kazi hiyo fasihi linganishi.

Nitaiacha sasa nafsi ya tatu, kwani haifai kwa habari za darasani.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne. Palikuwa na mama mmoja mwenye duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, ambaye sote tulimwita Mama, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Palikuwa na mwongoza watalii aliyekuwa akiwapeleka wageni Amboseli na Nakuru. Palikuwa na mhandisi kijana, mhitimu wa chuo kikuu cha Juja, kile kilichoanzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa Japani. Yeye alikuwa akitafuta udhamini wa masomo. Wasichana wawili walikuwa wamejifunza nusu ya lugha kutokana na katuni za televisheni, na mara kwa mara walitamka maneno ambayo mwalimu wetu aliyakataza papo hapo, kwa kuwa ndiyo wanayosemezana majambazi. Aliyewazidi wote kwa sauti alikuwa Mzee wa karate. Huyu alikwisha kujua kuhesabu hadi kumi kabla ya kujiandikisha, lakini kwa kuamrisha tu, hata akiulizwa bei ya tikiti alijibu kana kwamba anamtaka adui asogee mbele. Mwalimu, ambaye tulimwita Sensei, alikuwa mama wa Kijapani aliyeishi Kenya kwa muda mrefu, na Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko alivyokiri. Nami waliniita Daktari kwa wiki moja, mpaka Mama aliponiuliza kama ningeweza kumpima shinikizo la damu. Tangu hapo nikawa Mwalimu.

Jambo la kwanza lililotuchangamsha ni hati. Kijapani kina herufi za msingi arobaini na sita za hiragana, na kila herufi, isipokuwa chache, ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko, sa, shi, su, se, so. Sensei alipoanza kuziimba, darasa lilimpokea bila kuombwa, kwa sababu kila aliyesoma shule ya msingi nchini aliwahi kuimba ba, be, bi, bo, bu mbele ya ubao. Nilijiambia, na bado naamini, kwamba hati ya aina hii ingekitosha Kiswahili kuliko hati ya Kiarabu, ambayo irabu zake tatu ziliwatesa manakili wetu kwa karne kadhaa, na pengine kuliko hata hii ya Kirumi. Lakini hilo ni suala la wanaisimu.

Kicheko kilikuja na msamiati. Sensei alilishika sikio lake akasema "mimi", na darasa zima likagonga vifua na kuitikia "mimi!" Ilichukua dakika kadhaa kuelewana kwamba mimi kwa Kijapani ni sikio. Wiki mbili baadaye alitufundisha kwamba nyumbani kwa mtu huitwa uchi, na kwamba mahali huonyeshwa kwa kiambishi ni kinachofuata nomino. Kwa mwanaisimu hapa pana furaha ndogo, kwani nasi pia huweka -ni mwishoni mwa nomino tukasema nyumbani na mjini, ingawa kufanana huko ni kwa bahati tu. Kwa darasa furaha ilikuwa kubwa zaidi, maana mhandisi alitakiwa asimame na kutamka kwa adabu zote kwamba yuko uchi ni. Ama jina la Kijapani la mnyama dubu sitaliandika hapa, kwa heshima ya wahariri. Itoshe kusema kwamba Sensei alikuwa akilijua tatizo hilo siku nyingi, na picha ya dubu aliigeuza haraka.

Mama ndiye aliyetushinda sote katika katakana, hati inayotumiwa kuandikia maneno ya kigeni. Alikuwa ameishi na hati hiyo miaka mingi, juu ya maboksi na karatasi za mnada wa magari, bila kujua kwamba anaweza kuisoma. Sensei alipoandika burēki, Mama alisema breki kabla chaki haijatoka ubaoni. Enjin ni injini, batterī ni betri, taiya ni tairi. Lugha zote mbili zimeyachukua maneno ya Kiingereza na kuyapa irabu mwishoni ili yapate mahali pa kukanyaga, ila Kijapani ni kikali zaidi, hakikubali hata konsonanti mbili za breki zikae pamoja, huzitenga kwa irabu. Kiswahili nacho kilikuwa kikali hivyo zamani. Siku hizi kimelegeza.

Lipo neno jingine ambalo halikupitia kwa Mwingereza. Kijapani kina karuta, nasi tuna karata, na yote mawili yametokana na carta ya Kireno. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498 na Japani mwaka wa 1543, na mtawa Francis Xavier, aliyetia nanga Malindi mwaka wa 1542 akielekea Goa, alikuwa Kagoshima kufikia mwaka wa 1549. Neno moja limesafiri kwa merikebu hizo hizo likashuka katika bandari mbili. Kwetu karata ni mchezo wa barazani, na mara nyingi ni ishara ya uvivu. Kwao upo mchezo mmoja wa karuta unaotumia mashairi mia moja ya washairi mia moja, diwani inayonasibishwa na Fujiwara no Teika wa karne ya kumi na tatu: msomaji huanza kulighani shairi, na wachezaji hugombea kuinyakua karata yenye sehemu ya mwisho ya shairi hilo. Atakayeshinda ni yule aliyehifadhi mashairi yote mia. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza habari hii, waliniangalia kwa huruma.

Sasa nije kwenye mambo yaliyonishughulisha zaidi. Kijapani hakitofautishi /l/ na /r/. Kina sauti moja iliyo kati ya hizo mbili. Katika darasa letu alikuwamo karani mmoja wa benki, mtu mzima, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, lugha isiyo na /l/. Kila Mkenya anajua anachotendwa mtu wa namna hii katika Kiswahili na katika Kiingereza. Huchekwa shuleni, huigizwa katika vichekesho vya televisheni, na hatimaye hujifunza kuyakwepa maneno. Jioni ile Sensei alipoeleza kwamba tofauti hiyo haipo, karani alinyoosha mkono akauliza kama amesikia vyema. Alipohakikishiwa, alisema kwamba lugha hii bila shaka ilitungwa na watu wa kwao. Tulicheka, naye alicheka kutuzidi, lakini kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti kubwa. Vivyo hivyo na urefu wa irabu. Kwa Kijapani obasan ni shangazi na obāsan ni bibi, na kosa la urefu humzeesha mtu ghafla. Mimi, niliyezaliwa nikisema Kiswahili, nilihitaji majuma kadhaa kuusikia urefu huo. Mkamba aliyeketi nyuma yangu aliusikia siku ya kwanza, kwa kuwa lugha yake inao. Ujuzi wa lugha ya mama, ambao katika madarasa yetu huhesabiwa kuwa uchafuzi wa Kiswahili sanifu, hapa ulikuwa mtaji.

Tukio la hiki, hicho na kile lilitokea katika wiki ya nne. Kitabu chetu cha kiada kimetungwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, na Sensei naye alifundisha kwa Kiingereza. Somo lilihusu viashiria kore, sore na are. Kiingereza kina viashiria viwili tu vya aina hii, cha karibu na cha mbali. Kwa hiyo kitabu kilitumia ukurasa mzima, na michoro, kueleza kwamba sore ni kile kilicho mbali na msemaji lakini karibu na msikilizaji, na kwamba are ni kile kilicho mbali na wote wawili. Robo saa ilipita. Wahitimu wa vyuo vikuu walikuwa wamekunja nyuso. Ndipo mwongoza watalii aliposema kwa Kiswahili, bila kusimama, "Si ni hiki, hicho na kile?" Pakawa kimya. Sensei alimwomba arudie. Alirudia, akishika kalamu yake, akionyesha ya Mama, kisha akionyesha iliyo juu ya meza ya mwalimu. Darasa lilielewa mara moja. Zaidi ya hayo, sore hutumika pia kurejelea jambo lililokwisha kutajwa, kama kitumikavyo hicho chetu, na hata hilo halikuhitaji kuelezwa.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi kuliko linavyostahili kwa ukubwa wake. Wenye Kiswahili tulikuwa na ufunguo mfukoni, nasi tulikuwa tukihangaika kwa muda wa robo saa kutafuta ufunguo mwingine, kwa sababu tu mlango ulikuwa na kibao cha Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pamoja na hayo, katika chumba kile hakuna aliyefikiri, mimi nikiwa mmojawapo, kwamba inaweza kuwa lugha ya kueleza kitu kigeni. Tunakifundisha Kiswahili kama kitu cha kuchunguzwa. Ni nadra tukitumie kama darubini. Sensei, kwa upande wake, hakuona haya, baada ya siku hiyo, kila alipofika penye ugumu, aliuliza kwanza, "Kwa Kiswahili mnasemaje?" Mara nyingine jibu lilifaa na mara nyingine halikufaa, lakini mjadala ulikuwa wetu.

Mfano wa lililofaa nusu ni uhesabuji. Kijapani hakihesabu vitu hivi hivi. Vilivyo virefu na vyembamba, kama kalamu, huhesabiwa kwa hon: ippon, nihon, sanbon. Vilivyo bapa, kama karatasi, kwa mai. Vitabu vina satsu, mashine zina dai, watu wana nin, wanyama wadogo wana hiki, na ndege wana wa. Mhandisi alishika kichwa akasema kwamba ngeli alizozikimbia kidato cha nne zimemfuata hadi huku. Hakukosea sana. Na kama zilivyo ngeli zetu, makundi haya yana wakaidi wake: sungura kwa desturi huhesabiwa pamoja na ndege, na nilipowakumbusha wenzangu kwamba kiboko na kifaru wana sura ya KI-VI lakini hukaa na A-WA, darasa liliafiki kwamba wanyama hawana nidhamu katika lugha yoyote.

Lakini watu hawa wakajifunza. Hapo ndipo palipoanza kuniuma. Walibeba kadi ndogo mifukoni, wakasahihishana ndani ya matatu, na msichana mmoja wa katuni alitunga wimbo wa kuhesabia chupa. Ni watu wale wale waliosoma Kiswahili miaka kumi na miwili kama somo la lazima, kama mfumo wa 8-4-4 ulivyoamuru tangu mwaka wa 1985, na ambao hadi leo husema kitabu yangu na gari kubwa mbili zimeharibika, bila kujali, au kwa kujivunia. Niliwauliza siku moja tukinywa chai kwa nini wanaziogopa ngeli na hawaogopi hesabu ya Kijapani. Mama alinijibu bila kufikiri: "Mwalimu, huku nikikosea, Sensei ananisaidia. Huko nikikosea, Mpwani ananicheka na mwalimu ananikata alama." Karani aliongeza kwamba Kiswahili huko shuleni kilikuwa na wenyewe, naye hakuwa mmoja wao.

Nimefundisha kwa muda wa kutosha kulijua jibu la kawaida la idara kwa malalamiko haya: kwamba vyombo vya habari vimeharibu lugha, kwamba Sheng imetamalaki, kwamba wanafunzi ni wavivu. Sina hakika tena na neno hilo la mwisho. Mtu anayekariri kwamba chupa tatu ni sanbon na si sanhon, baada ya kutwa nzima ya kuuza vipuri, si mvivu. Tofauti niliyoiona ni kwamba darasani kwa Sensei hakuna aliyekuwa mwenye lugha isipokuwa mmoja, naye alikuwa mgeni nchini. Makosa yetu yote yalikuwa na kimo kimoja. Katika darasa la Kiswahili la Kenya, kosa huanika kabila la mtu, mkoa wake na shule yake. Sisemi kwamba tuziache ngeli. Nasema tu kwamba, katika kusahihisha, tumekuwa tukisahihisha nasaba.

Juu ya adabu sitasema mengi, kwani somo hili limeandikiwa vya kutosha. Kijapani kina tabaka za heshima: namna ya kumkweza anayezungumziwa, namna ya kujishusha mwenyewe, na namna ya upole wa kawaida. Mama yangu nikimtaja mbele ya mgeni ni haha. Mama yako wewe ni okāsan. Nasi tuna mamangu, mamako na mamake, lakini hizo ni alama za umilikaji, hazishushi wala hazikwezi. Kilichonishangaza ni furaha ya vijana wetu katika kuinama na kuombana radhi kwa Kijapani, ilhali shikamoo kwao ni jambo la kuigiza Watanzania. Mwongoza watalii ndiye aliyejuta kwa upande mwingine. Kwa Kiswahili ukanushi hutangulia: ukisikia si- au ha- umekwisha kujua. Kwa Kijapani ukanushi hukaa mwishoni kabisa, baada ya kitenzi, nacho kitenzi kimekwisha kukaa mwishoni mwa sentensi. Alitusimulia jinsi mara mbili alivyowasha gari kuelekea kwa simba kabla ya sentensi ya mgeni kufika mwisho.

Nikarejea kwenye ushairi, ambao ndio ulionipeleka. Mizani ya Kijapani si silabi kama Mwingereza aijuavyo. N ya mwishoni huhesabiwa peke yake, irabu ndefu huhesabiwa mara mbili, na kituo kidogo kabla ya konsonanti iliyokazwa pia kina mizani yake. Nihon ni mizani tatu, Nippon ni nne. Tokyo, ambayo sisi tungeipa mbili au tatu, ina nne. Kwa mshairi wa Kiswahili hili si geni hata kidogo, kwani mtu ni mizani mbili na nchi ni mizani mbili, lakini ndizi, ingawa inaanza kwa n vilevile, ni mizani mbili na si tatu. Sikio lililofunzwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka wa 1954 linaweza kuipima haiku, tano, saba, tano, bila msaada wa Kiingereza. Mwanafunzi wangu wa uzamili sasa analifanya hilo, polepole, akiwa na kamusi.

Lakini swali zito zaidi ni la vina. Katika vitabu vyetu vya uhakiki hurudiwa hoja kwamba vina ni uti wa ushairi wa Kiswahili kwa sababu ya umbo la lugha yenyewe: irabu tano, silabi wazi, maneno yote yakiishia kwa irabu. Hoja hii ilitumiwa sana na wanamapokeo katika ubishi uliowaka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka wa 1974. Sasa Kijapani nacho kina irabu tano. Silabi zake karibu zote ni wazi. Kwa kipimo hicho Wajapani wangekuwa mabingwa wa vina duniani. Nao, kwa zaidi ya miaka elfu, hawakuvishughulikia vina hata kidogo kama kanuni. Sababu inayotolewa ni ile ile iliyogeuzwa: irabu zikiwa tano tu, mlingano wa sauti hupatikana kila mahali, kwa hiyo hauna thamani. Kundi la Matinée Poétique, lililoanzishwa mwaka wa 1942, lilijaribu kutunga soneti zenye vina kwa Kijapani, na jaribio hilo halikuzaa mkondo.

Ikiwa umbo moja la sauti limezaa katika lugha moja vina vikali, tena vya silabi nzima, na katika lugha nyingine halikuzaa kitu, basi umbo la sauti haliwezi kuwa ndiyo sababu. Sababu ni historia: kasida ya Kiarabu na kina chake kimoja, kughani mbele ya hadhira, chuo na msikiti. Hilo halivipunguzii vina hadhi, bali huvipa ukoo. Lakini linamnyima mwanamapokeo silaha moja, ile ya kudai kwamba shairi lisilo na vina linakwenda kinyume na maumbile ya Kiswahili. Naye mwanamabadiliko asishangilie upesi. Wajapani, ambao hawakuwa na vina vya kuasi, waliasi mizani: Taneda Santōka, aliyefariki mwaka wa 1940, alitunga haiku zisizofuata tano, saba, tano, na kuna wahifadhina ambao hawakumkubali. Kila nyumba ina ugomvi wake.

Mwishoni mwa muhula wa pili Sensei alitutaka kila mmoja atunge haiku, kwa Kijapani au kwa Kiswahili. Nilitarajia maua ya jakaranda, na kweli yalikuwapo mengi. Karani wa benki alileta hii, nami naiweka hapa kwa idhini yake:

Matatu tupu
manyunyu kwenye taa
makanga kimya

Mizani imetimia. Majira yamo, katika manyunyu. Kitenzi hakimo hata kimoja, na hakuna anayekikosa. Mzee wa karate alidai kwamba si shairi kwa kuwa halina vina wala funzo, na mhandisi akamtetea karani, na kwa dakika ishirini watu ambao hawajasoma ukurasa mmoja wa uhakiki walibishana juu ya mambo yale yale yaliyojaza makongamano yetu tangu miaka ya sabini, tena kwa hoja zisizopungukiwa sana. Msichana wa katuni alisema kwamba funzo lipo: makanga anayenyamaza hana abiria wala fedha, na anayepanda matatu usiku anaijua hofu hiyo. Mzee akasema kwamba hilo analiongeza yeye. Naam, ndivyo lilivyo, na ndipo ulipo ubishi wenyewe.

Jioni ya mwisho ilitumika kwa neno moja, mottainai. Wakenya wana haki ya kulisikia tofauti na wengine, kwani Wangari Maathai alilikuta Japani katika ziara ya mwezi wa Februari mwaka wa 2005, akalichukua na kulitangaza duniani hadi alipofariki mwaka wa 2011. Husemwa pale kitu kinapotupwa au kutumiwa vibaya ilhali kilikuwa na thamani yake. Kitabu kilitoa tafsiri ya Kiingereza yenye maana ya upotevu tu. Sensei akauliza, kama ilivyokuwa desturi kufikia wakati huo, kwa Kiswahili tunasemaje. Mhandisi alipendekeza hasara. Ilikataliwa, kwa kuwa hasara ni ya mwenye mali, na mottainai inamlilia kitu. Nilipendekeza israfu, na sote tukakubaliana kwamba hiyo humlaumu mtumiaji bila kukitazama kilichotumiwa. Mwongoza watalii alitoa ubadhirifu, ambao unanuka wizara. Karani alisema kwamba kwa Kikuyu angesema kwa namna yake, akatueleza, na Mkamba naye akatoa yake.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akatusimulia habari ya gia iliyoletwa dukani ikiwa nzima, ikanunuliwa na fundi asiyeijua, akaigonga kwa nyundo mpaka ikapasuka. Alipoiona, alisema, hakufikiria fedha. Alisema, "Ameidhulumu." Sensei alimwuliza kama mtu anaweza kukidhulumu chuma kwa Kiswahili. Mama aliniangalia mimi. Nilisema kwamba katika kamusi kinachodhulumiwa ni mtu, lakini kwamba nimemsikia Mama akikisema na nimeelewa. Sensei aliliandika ubaoni, kudhulumu, kando ya mottainai, akaweka alama ya kuuliza kati yake, na kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa saa moja na nusu na mlinzi alikuwa mlangoni na funguo, tukaacha hapo.